Funimation: Mnunuzi Aliyetoweka Ndani ya Alichokinunua

Tarehe 2 Aprili 2024 tovuti na programu ya Funimation zilifungwa, na jina lililokuwa limewafikishia Wamarekani anime, yaani katuni za Kijapani, kwa miaka thelathini likabaki katika kumbukumbu. Tunaposikia kwamba huduma ya video mtandaoni imefungwa, kwa kawaida tunadhani ilikosa wateja, ikaishiwa mtaji, ikashindwa na wenzake sokoni. Funimation haikufa hivyo. Mwaka 2021, chini ya umiliki wa Sony, ilikamilisha kumnunua mshindani wake mkubwa, Crunchyroll, kwa dola bilioni 1.175. Kisha mnunuzi akachukua jina la aliyenunuliwa, akahamia katika nyumba yake, na mwishowe akaibomoa nyumba yake mwenyewe ya kwanza pamoja na vitu ambavyo wateja walikuwa wameviweka humo wakiamini kwamba ni mali yao. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulichambua, kwa sababu naona limechukuliwa kama usumbufu mdogo wa kuhamisha wateja, ilhali lilibadilisha maana ya neno kununua kwa watu waliokuwa waaminifu kuliko wateja wote wa kampuni hiyo.

Kampuni hii ilianza mwaka 1994 kwa njia ya kifamilia kabisa. Mwanzilishi wake, Gen Fukunaga, alikuwa na mjomba aliyeitwa Nagafumi Hori, mtayarishaji katika kampuni ya Toei ya Japani, ambaye alimweleza kwamba akianzisha kampuni na kupata mtaji wa kutosha, Toei ingempa leseni ya kuipeleka katuni ya Dragon Ball nchini Marekani. Fukunaga na mkewe Cindy hawakuwa na fedha hizo. Alimwendea mfanyakazi mwenzake, Daniel Cocanougher, ambaye familia yake ilikuwa na kinu cha chakula cha mifugo katika mji wa Decatur, Texas, akawashawishi wauze biashara yao na kuwekeza katika katuni za nchi ambayo majirani zao wengi hawakuwa na habari nazo. Majaribio ya kwanza hayakufika mbali. Dragon Ball ilirushwa mwaka 1995 ikasimama baada ya vipindi 13, na Dragon Ball Z, iliyoanza mwaka 1996 kwa ushirikiano na kampuni ya Saban na kwa sauti za waigizaji wa Vancouver, Kanada, nayo ikakatizwa njiani. Mambo yalibadilika mwaka 1998, Cartoon Network ilipoanza kuionyesha Dragon Ball Z katika kipindi chake cha Toonami. Watoto wakaisubiri kila jioni, na mwaka uliofuata Funimation, ambayo sasa ililazimika kuendeleza simulizi bila Saban, ikaanza kurekodi sauti yenyewe huko Texas kwa kutumia waigizaji wa maeneo hayo, akiwamo Christopher Sabat, ambaye sauti yake ya mhusika Vegeta imedumu hadi leo.

Uamuzi huo wa kurekodi Texas ulitokana na uhaba wa fedha, lakini ndio uliozaa kile ambacho Funimation ilikuja kujulikana nacho. Kuna wapenzi wa anime wanaoamini kwamba sauti ya Kijapani yenye maandishi chini ya picha ndiyo pekee inayostahili, na wanaidharau kazi ya kuingiza sauti za lugha nyingine. Sikubaliani nao. Yeyote aliyeketi katika kibanda umiza jijini Dar es Salaam akimsikiliza Lufufu akiisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili anajua kwamba sauti ya pili inaweza kuwa kazi ya sanaa inayojitegemea, na kwamba mtazamaji anaweza kuipenda filamu kwa sababu ya sauti hiyo. Wamarekani wa kizazi kizima waliwafahamu Goku na Vegeta kwa lafudhi ya Texas. Funimation ilijenga juu ya msingi huo: ikaingiza sauti katika Fullmetal Alchemist, ikaichukua One Piece mwaka 2007 kutoka kwa 4Kids, kampuni iliyokuwa imelaumiwa sana kwa kuikatakata, na mwishoni mwa 2014 ikaanza kutoa vipindi vyenye sauti za Kiingereza wiki chache tu baada ya kurushwa Japani, jambo ambalo awali lilichukua miezi au hata miaka.

Wakati huohuo washindani wake walikuwa wakianguka mmoja baada ya mwingine. Soko la DVD za anime nchini Marekani lilikuwa limevimba kupita kiasi katika miaka ya mwanzo ya karne hii, na lilipoanza kusinyaa, Geneon ilifunga shughuli zake za Marekani mwaka 2007, Central Park Media ikafilisika mwaka 2009, na ADV, iliyowahi kuwa kubwa kuliko zote, ikauza mali zake mwaka huohuo. Funimation yenyewe haikusalimika bila kovu, kwani kampuni ya Navarre iliyokuwa imeinunua mwaka 2005 kwa fedha taslimu zipatazo dola milioni 100 pamoja na hisa iliiuza mwaka 2011 kwa dola milioni 24 tu, kwa kundi la wawekezaji waliojumuisha Fukunaga mwenyewe. Lakini ilibaki hai, na mara kadhaa iliwaokota mayatima wa wenzake: vipindi zaidi ya 30 vilivyokuwa vya ADV vilihamia kwake mwaka 2008, na baadhi ya vile vya Geneon pia ikavisambaza.

Ninazitaja kampuni hizo zilizokufa kwa sababu moja mahususi. Zilipokufa, rafu za wateja hazikuguswa. Aliyenunua DVD ya Geneon mwaka 2004 aliamka asubuhi baada ya tangazo la kufungwa akaikuta DVD yake palepale alipoiacha, akaitazama usiku huo, na anaweza kuitazama leo. Aliweza kuiuza, kumwazima rafiki, au kumrithisha mwanawe. Kampuni ilipotea na bidhaa ikabaki. Nadhani watu walioishi katika zama hizo walikuja kuamini, bila hata kujiuliza, kwamba mpangilio wa dunia ndio huo.

Safari ya kuingia mtandaoni ilianza kwa mashaka. Mwaka 2009 Funimation ilitangaza kwamba ingeonyesha One Piece mtandaoni muda mfupi tu baada ya kurushwa Japani, lakini mwezi Mei, kabla mpango haujaanza vizuri, kipindi kimoja kilivuja kutoka kwenye seva na kusambaa kabla hata Wajapani hawajakiona, na mpango mzima ukasitishwa hadi Agosti. Aibu hiyo mbele ya wenye mali huko Tokyo huenda ndiyo iliyoifanya kampuni kuwa na mkono mkali dhidi ya uharamia. Mwezi Januari 2011 ilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Texas dhidi ya watu 1,337 wasiojulikana kwa majina, ikiwatuhumu kwa kugawana kipindi kimoja cha One Piece, cha 481, kwa BitTorrent, njia ya watu kupeana mafaili mtandaoni. Jaji aliwaondoa wote isipokuwa mmoja, kwa sababu kuwashtaki watu wengi wasiohusiana katika shauri moja hakukubaliki. Hoja ya kampuni, hata hivyo, ilieleweka na ilikuwa na haki ndani yake: kazi hizi zina wenyewe, anayezitaka azilipie, na anayezilipia atatendewa kama mteja halali.

Wengi walilipa. Mwaka 2016 huduma ilizinduliwa upya kwa jina la FunimationNow, na baadaye mwaka huo kampuni ikaingia ubia na Crunchyroll ambao, kwa maoni yangu, ulikuwa mpangilio bora kuliko wote ambao soko hili limewahi kuwa nao. Crunchyroll, iliyozaliwa mwaka 2006 kama tovuti ya video zilizopakiwa bila idhini na kuhalalika mwaka 2009 kwa leseni ya Naruto Shippuden kutoka TV Tokyo, ingeshughulikia vipindi vyenye maandishi. Funimation ingeshughulikia vyenye sauti za Kiingereza. Na kila mmoja angemfungulia mwenzake ghala lake. Zilikuwa kampuni mbili zenye ujuzi tofauti, na kila moja ilikuwa na sababu ya kufanya kazi yake vizuri, kwa kuwa mteja aliweza kuondoka.

Ubia huo ulivunjika kwa sababu zisizohusiana na anime hata kidogo. Mwezi Oktoba 2017 Sony Pictures Television ilinunua asilimia 95 ya Funimation kwa dola milioni 143. Mwaka uliofuata kampuni ya simu ya AT&T, baada ya kuinunua Time Warner, ikachukua umiliki kamili wa Otter Media, kampuni iliyokuwa ikiishikilia Crunchyroll. Ghafla marafiki wawili wadogo walijikuta ni watoto wa mabwana wawili wakubwa wasiotaka kugawana chochote, na kufikia Novemba 2018 makubaliano yalikuwa yamekwisha. Mteja aliyetaka kuona vyote alipaswa kulipia huduma mbili.

Kisha AT&T, iliyokuwa imelemewa na madeni, ikaamua kuuza. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba Sony, kupitia Funimation, ingeinunua Crunchyroll, ambayo wakati huo ilikuwa na wateja milioni 3 wanaolipa na watumiaji milioni 90 waliojisajili katika nchi na maeneo zaidi ya 200. Wizara ya Sheria ya Marekani ilirefusha uchunguzi wake kuhusu ushindani, na hilo pekee linaonyesha kwamba wasiwasi ulikuwapo, lakini Agosti 2021 ununuzi ulikamilika. Mtu asije akadhani kwamba Funimation ilikuwa dhaifu siku hizo. Ilikuwa imeisambaza Dragon Ball Super: Broly katika majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2019 na kukusanya zaidi ya dola milioni 30, na Aprili 2021 filamu ya Demon Slayer ilikusanya zaidi ya dola milioni 21 katika mwisho wa juma wa kwanza, ambao haukuwa na mfano kwa filamu ya lugha ya kigeni nchini humo. Ilikuwa kileleni, na ilifungwa kutoka kileleni.

Uchaguzi wa jina lipi libaki haukuwa mgumu kwa wahasibu. Funimation ilijulikana katika nchi za Kiingereza na, kwa kuchelewa, katika nchi chache za Amerika ya Kusini na Mexico. Crunchyroll ilikuwa dunia nzima. Tarehe 1 Machi 2022 ilitangazwa kwamba vipindi vya Funimation, vya Wakanim ya Ufaransa na vya VRV, huduma nyingine ya video mtandaoni, vingehamishiwa Crunchyroll. AnimeLab, iliyowahudumia watu wa Australia na New Zealand, ilikuwa tayari imemezwa na Funimation mwaka 2021. Wakanim ikazimwa Novemba 2023, VRV Desemba mwaka huohuo. Hata Right Stuf, duka la anime lililoanzishwa mwaka 1987 na ambalo wakusanyaji wa diski walilitegemea kwa miongo mitatu, lilinunuliwa mwaka 2022 na tovuti yake kufungwa mwaka 2023. Katika muda wa miaka mitatu hivi, majina matano yalikuwa yamekuwa moja.

Lazima niseme kwa haki kwamba kuunganisha huku kuliwaletea baadhi ya watu manufaa, na miongoni mwao ni sisi. Funimation haikuwahi kufunguliwa rasmi Afrika Mashariki; Mswahili aliyeishi Houston au London aliweza kuitumia, lakini ndugu yake wa Mombasa au Mwanza hakuweza, hata kama alikuwa tayari kulipa. Vipindi vya Funimation vilipohamia Crunchyroll, vingi viliingia kwa mara ya kwanza katika huduma ambayo mtu wa Nairobi anaweza kujiunga nayo kihalali, ingawa orodha anayoiona hailingani na ya Marekani. Siwezi kulibeza jambo hilo. Kwa miaka mingi tulilaumiwa kwa kutazama nakala za kuchoma zilizouzwa vibandani, ilhali dirisha la kulipia lilikuwa limefungwa upande wetu.

Ila manufaa hayo hayakuhitaji kifo cha kila mshindani. Leseni za nchi nyingi zingeweza kununuliwa na kampuni mbili kama zinavyoweza kununuliwa na moja, na ubia wa 2016 ulikuwa umeonyesha njia. Kilichofuata baada ya kuunganisha kinatabirika kwa yeyote anayejua soko lenye duka moja. Mwaka 2022 Crunchyroll iliacha kuwaonyesha bure vipindi vipya vya kila msimu watu wanaovumilia matangazo, isipokuwa vichache. Mteja wa Funimation aliyekuwa akilipa dola 59.99 kwa mwaka hakuipata bei hiyo alikohamishiwa. Mei 2024, mwezi mmoja tu baada ya Funimation kuzimwa, bei ya daraja la kati la Crunchyroll ilipanda kutoka dola 9.99 hadi 11.99 kwa mwezi. HIDIVE bado ipo, na Netflix na Hulu wana vipindi vyao, lakini kwa mtu anayetaka kufuatilia msimu mzima wa anime mpya kwa Kiingereza, mlango ni mmoja.

Hata hivyo bei hupanda na kushuka. Kinachonisikitisha zaidi ni zile nakala za kidijitali.

Kwa miaka kadhaa diski nyingi za Funimation, za Blu-ray na DVD, ziliuzwa zikiwa na karatasi ndogo ndani ya kasha yenye namba ya siri. Mteja aliiingiza namba hiyo katika akaunti yake ya Funimation, na kipindi alichokinunua kikaonekana humo, akaweza kukitazama popote bila kubeba diski. Nakala hizo zilihesabiwa katika bei. Ziliandikwa juu ya kasha kama sehemu ya bidhaa. Na maelezo ya kampuni yenyewe yaliwahi kuwaambia wateja kwamba zingepatikana daima, ingawa kwa masharti fulani. Mwezi Februari 2024, tangazo la kufungwa lilipotoka, lilieleza kwamba Crunchyroll haina utaratibu wa kuhifadhi nakala za namna hiyo, kwa hiyo hazingehamishwa. Baada ya tarehe 2 Aprili hazingepatikana tena.

Watetezi wa kampuni walijibu haraka kwamba diski yenyewe bado iko kwa mteja, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa chochote. Hoja hiyo ina uzito, na kwa aliyetunza diski zake ni kweli kwamba hakupoteza vyote. Lakini tuiangalie vizuri. Muuzaji aliyekuuzia vitu viwili kwa bei moja hawezi kukunyang'anya kimoja kwa hoja kwamba amekuachia cha pili. Zaidi ya hayo, nakala ya kidijitali ilitolewa ili diski isiwe ya lazima, na wapo walioziuza au kuzigawa diski zao kwa kuwa waliambiwa kwamba nakala ya mtandaoni ni yao. Hao ndio waliopoteza zaidi, na kosa lao lilikuwa kuyaamini maandishi yaliyokuwa juu ya kasha.

Tuelewe pia kwa nini kuhamisha hakukuwa kazi ya kubonyeza kitufe, maana hapa ndipo kampuni ina sehemu ya utetezi. Anime nyingi hazimilikiwi na studio iliyozichora. Zinamilikiwa na kamati ya uzalishaji, yaani ushirika wa kampuni kadhaa zilizochangia gharama: mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni vya Kijapani), kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, mtengenezaji wa midoli, na mara nyingine wakala wa matangazo. Kamati hiyo huuza haki vipande vipande. Haki ya diski ni tofauti na ya televisheni, nayo ni tofauti na ya mtandaoni. Kila moja ina nchi zake na miaka yake, na muda ukiisha haki hurudi Tokyo. Kwa hiyo Funimation ilipowaahidi wateja kitu cha kudumu, yenyewe haikuwa nacho. Ilikuwa imepanga kwa miaka, kisha ikapangisha kwa neno daima. Sababu hii inaeleza kwa nini hata vipindi vya kawaida vya Funimation havikuhamia vyote Crunchyroll. Kwangu mimi, badala ya kupunguza lawama, inaihamisha tu: kosa halikutendeka mwaka 2024 pale nakala zilipofutwa, lilitendeka miaka ya nyuma pale ziliposifiwa kwa maneno ambayo wanasheria wa kampuni walijua hayawezi kutimizwa.

Rahul Purini, rais wa Crunchyroll, alipoulizwa na tovuti ya habari za teknolojia ya The Verge kuhusu jambo hili alisema kwamba kampuni ilikuwa ikiwashughulikia wateja waliowasiliana nayo ili wapate thamani inayostahili, kwa mfano nafuu ya kujiunga na huduma ili waweze kuona vipindi vilevile. Nakiri kwamba jibu hilo ni afadhali kuliko ukimya. Lakini lilimwekea mteja mzigo wa kuandika, kuthibitisha na kusubiri, ilhali akaunti zote zilikuwa mikononi mwa kampuni na kila nakala iliyosajiliwa ilionekana humo. Isitoshe, kumpa mtu miezi kadhaa ya kukodi badala ya kitu alichokinunua ni sawa na fundi aliyepoteza nguo yako kukuazima ya mwingine hadi mwisho wa mwezi. Aliyenunua mwaka 2015 hakuwa akitafuta kujiunga na chochote. Alinunua ili asihitaji kujiunga.

Hapa ndipo ninapoikumbuka kesi ya 2011. Watu 1,337 walishtakiwa kwa sababu walikuwa na nakala ambayo hawakuilipia. Miaka kumi na mitatu baadaye, waliolipa ndio waliopoteza nakala zao, na yule aliyekipakua kipindi cha 481 kinyume cha sheria, kama hakulifuta faili lake, bado analo. Sisemi hivi kuuhalalisha uharamia, kwani wachoraji wa Japani wanaolipwa ujira mdogo hawanufaiki nao kwa lolote. Nasema kwamba hoja nzima ya biashara halali ilisimama juu ya ahadi kwamba mlipaji atakuwa salama kuliko asiyelipa, na kampuni iliyoipeleka hoja hiyo mahakamani ndiyo iliyokuja kuidhoofisha kwa mikono yake. Mzazi anayemweleza mwanawe wa miaka kumi na mitano kwa nini alipie anime badala ya kuipakua bure amepokonywa jibu lake rahisi kuliko yote.

Na haikuwa kwamba Sony haikujua namna nyingine ya kufanya. Mwanzoni mwa Desemba 2023, miezi miwili tu kabla ya tangazo la Funimation, kitengo chake cha PlayStation kilikuwa kimewaarifu wateja kwamba vipindi vya Discovery walivyovinunua vingefutwa kwenye akaunti zao mwisho wa mwaka kwa sababu ya makubaliano ya leseni. Malalamiko yakawa makubwa. Kabla mwezi haujaisha, makubaliano mapya yalifikiwa, na ikatangazwa kwamba vipindi hivyo vingebaki kwa muda usiopungua miezi 30. Miezi 30 si daima, lakini tukio lile lilithibitisha kwamba sharti la leseni hujadiliwa likajadilika pale mwenye nguvu anapoona kuna haja. Wapenzi wa anime walilalamika pia. Walikuwa wachache zaidi, na waliokuwa na nakala zilizosajiliwa walikuwa wachache zaidi miongoni mwao.

Septemba 2024 Gavana wa California alitia saini sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni inayoweza kuondolewa. Ni hatua njema, na naiunga mkono, ingawa inarekebisha maneno ya dukani bila kumrudishia mtu chochote. Sehemu yake iliyonivutia zaidi ni ile inayowasamehe wauzaji ambao mteja wao anaweza kupakua alichokinunua na kukihifadhi moja kwa moja, akakitumia hata bila intaneti. Watunga sheria hao walitambua kwamba bado kuna namna ya kuuza kitu cha kidijitali kikawa cha mtu kweli, na njia hiyo ingewezekana kutumika hata wakati wa kufunga duka: kumruhusu kila mwenye nakala aipakue kabla ya mlango kufungwa. Kamati za Japani zisingekubali kwa kila kipindi. Lakini Aniplex, mshirika katika kamati nyingi na kiongozi wa baadhi yake, ni kampuni ya Sony, na tangu 2019 imekuwa mbia ndani ya ubia uleule ulioimiliki Funimation. Kati ya tangazo la Februari na tarehe 2 Aprili kulikuwa na wiki zisizopungua saba, na kwa vipindi vya Aniplex angalau, mwombaji na mwombwa walikuwa wa nyumba moja.